Injini Ilayo Ugali: Kubuni Chombo cha Majini Kiendeshwacho kwa Miguu

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa injini ya chombo cha majini ni nini, aghalabu atataja mashine ya petroli au ya dizeli. Injini tutakayoizungumzia katika makala haya haina silinda wala plagi. Hula ugali, hunywa chai, huchoka, na wakati mwingine hutaka kusimama ghafla ili imtazame samaki arukaye. Injini hiyo ni mtu.

Tangu kale mtu ameendesha vyombo kwa mikono: kwa kafi, kwa kasia na kwa pondo. Lakini misuli mikubwa zaidi ya mwili imo katika mapaja, na kila mpanda baiskeli anajua kwamba miguu huweza kufanya kazi kutwa nzima ambapo mikono ingekwisha kuchoka kitambo. Miaka miwili iliyopita mimi na wanafunzi watano wa uhandisi tuliazimia kubuni chombo cha matembezi cha watu wawili, kiendeshwe kwa pedali, kiweze kujengwa kwa mbao na vipuri vya baiskeli, na kiwafae vijana watembeleao pwani siku za mapumziko. Tulikosea, na kosa letu nusura limgharimu mmoja wetu maisha. Ningependa kueleza hesabu zetu hatua kwa hatua, pamoja na ile tuliyoisahau.

Injini dhaifu

Kwanza hatuna budi kutofautisha kani na nguvu, maneno ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kani ni ile isukumayo au ivutayo, nayo hupimwa kwa nyutoni. Nguvu ni kazi ifanywayo katika kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, aweza kukanyaga pedali kwa nguvu ya wati 75 hivi kwa saa kadhaa huku akizungumza na mwenzake. Mwanariadha hodari wa baiskeli hutoa wati 300 au zaidi kwa saa nzima, na kwa sekunde chache tu aweza kupita wati 1000. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kwa hiyo mashine ndogo ya boti yenye nguvu za farasi 5 ni sawa na watu 50 wakikanyaga kwa utulivu. Mbunifu wa boti ya mashine akikosea umbo huongeza petroli. Mbunifu wetu hana cha kuongeza.

Maji nayo hukizuia chombo kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni msuguano kati ya maji na sehemu ya chombo iliyolowa. Msuguano huo huongezeka takriban kwa kadiri ya mraba wa mwendo, na kwa kuwa nguvu ni kani mara mwendo, nguvu itakiwayo hupanda kwa kipeo cha tatu. Anayetaka kwenda mara mbili kwa upesi hana budi kutoa nguvu mara nane. Ndiyo maana watu wawili wakikanyaga badala ya mmoja, mwendo hauongezeki maradufu bali kwa robo hivi, hata tukiusahau uzito wa yule wa pili.

Njia ya pili ni mawimbi. Kila chombo kiendacho juu ya maji hutengeneza wimbi mbele, penye omo, na jingine nyuma, penye tezi. Mwendo wa wimbi katika maji yenye kina, kwa mita kwa sekunde, ni 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wake kwa mita. Wimbi hilo halina budi kwenda sawa na chombo chenyewe. Basi kadiri chombo kinavyoharakishwa, wimbi lake hurefuka. Linapofikia urefu wa chombo, tezi huzama, omo huinuka, na chombo huwa kama mtu apandaye kilima ambacho kila akipiga hatua nacho hupiga hatua. Chombo cha urefu wa mita 2.5 hukutana na kilima hicho kwenye mwendo wa mita 2 hivi kwa sekunde. Chombo cha mita 5 hukutana nacho kwenye mita 2.8.

Hapo nilikumbuka vyombo vya kukodisha nilivyoviona nilipokuwa nikisomea shahada yangu mjini Glasgow. Vilikuwa vifupi na vinene kama beseni, na vikisukumwa na gurudumu lenye mapangaboi. Rafiki yangu na mimi tulikanyaga hadi jasho likatutoka katika baridi ile, na bata walitupita bila kuonyesha dalili ya kujitahidi. Nilidhani kosa lilikuwa la miguu yetu. Kumbe tulikuwa tumekwisha kukifikia kilima.

Kwa sababu hiyo tuliamua chombo chetu kiwe na urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 75 kwenye usawa wa maji. Pamoja na watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, uzito wote ulikuwa kilo 200, na eneo lililolowa lilikuwa mita za mraba 2.8. Kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni zaidi kidogo ya kilomita 7 kwa saa, tulipata msuguano wa nyutoni 17. Tulipoongeza mawimbi na ukinzani wa umbo, tulikadiria jumla ya nyutoni 28. Zidisha kwa mwendo, upate wati 56. Hata baadhi ya nguvu ikipotea njiani katika mnyororo na rafadha, kila mkanyagaji angetakiwa kutoa wati zisizofika 45. Hilo ni jambo jepesi hata kwa mtu aliyekwisha kula pilau. Kwa mita 3 kwa sekunde tulikadiria zaidi ya wati 400 kwa wote wawili, na kazi hiyo ni ya wanariadha.

Wapo waliochagua mwendo na kuacha mengine yote. Tarehe 27 Oktoba 1991, katika mto Charles mjini Boston, Mark Drela wa chuo cha MIT aliendesha kwa miguu chombo kiitwacho Decavitator katika masafa ya mita 100 kwa mwendo wa kilomita 34 hivi kwa saa. Chombo hicho kilikuwa na mabawa chini ya maji yaliyokiinua kabisa, ili mawimbi na sehemu kubwa ya msuguano viachwe chini, na kilisukumwa na rafadha kubwa ya hewani yenye kipenyo cha mita 3. Wengine walichagua uvumilivu. Waingereza wawili, Jason Lewis na Steve Smith, walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Ureno hadi Miami katika mwaka 1994 na 1995 kwa chombo cha pedali kiitwacho Moksha, nao walitumia siku 111. Sisi hatukutaka kuvunja rekodi wala kuvuka bahari. Hata hivyo, nakiri kwamba tulikuwa tukilitazama zaidi lile pangaboi la Boston kuliko ilivyotupasa.

Kusukuma maji mengi polepole

Chombo husogea mbele kwa kuyatupa maji nyuma. Kani tuipatayo ni masi ya maji yatupwayo katika sekunde moja mara ongezeko la mwendo wake. Lakini nishati tunayoyaachia maji hayo, ambayo haitatusaidia tena, huenda kwa mraba wa mwendo huo. Tuchukue zile nyutoni 28. Twaweza kuzipata kwa kutupa kilo 7 za maji katika kila sekunde kwa mwendo wa mita 4. Hapo tutapoteza wati 56, sawa na nguvu yote inayokisogeza chombo. Twaweza pia kuzipata kwa kutupa kilo 28 kwa mwendo wa mita 1, tukapoteza wati 14 tu. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii ubaoni kabla ya kuwaonyesha rafadha yoyote.

Rafadha yenye kipenyo cha sentimita 40, ikienda mita 2 kwa sekunde, hupitisha katika duara lake kilo 250 hivi za maji kila sekunde. Yatosha kuyaharakisha kwa zaidi kidogo ya sentimita 10 kwa sekunde. Upotevu wa namna hiyo ni mdogo mno; unaobaki ni msuguano wa mapanga yenyewe, na rafadha iliyochongwa vema hurudisha wati 80 au zaidi katika kila 100. Gurudumu dogo la mapangaboi hushika maji machache, huyapiga yanapoingia na kuyanyanyua yanapotoka. Hata hivyo sitawacheka wenye magurudumu hayo. Katika bwawa lenye magugu, au ufukweni penye kina cha goti, rafadha husokotwa na majani au hugonga mwamba, ilhali gurudumu hupita. Mwenye kukodisha vyombo kwa saa moja moja hajali sana kama mteja wake atachelewa kufika ng'ambo.

Tulitumia gurudumu la meno 48 mbele na la meno 16 nyuma, vipuri vya kawaida vya baiskeli. Mtu akikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, rafadha huzunguka mara 210, yaani mara tatu na nusu kwa sekunde. Rafadha ni kama parafujo: ingalikuwa ikipita katika ubao, kila mzunguko ungaliisogeza kwa kipimo kiitwacho hatua. Tuliipa hatua ya sentimita 64. Ndani ya maji huteleza kidogo, kwa hiyo badala ya mita 2.24 kwa sekunde tulitazamia mita 2. Taabu ilikuwa kwamba mhimili wa pedali hulala kwa kukingama na ule wa rafadha huelekea nyuma. Njia rahisi ni kuupinda mnyororo robo duara kati ya magurudumu mawili. Njia imara zaidi ni gia mbili zikutanazo kwa pembe mraba, kama zile za keekee ya mkono. Tulianza na ile rahisi.

Hesabu tuliyoisahau

Tulikishusha chombo majini asubuhi moja ya Jumamosi, ufukweni Kunduchi, bahari ikiwa imelala kama mkeka. Kilikwenda vizuri. Wanafunzi wawili walikanyaga kwenda na kurudi kwa raha, saa ya mkononi ikaonyesha mwendo uleule tulioukadiria, nami nikajiona mhandisi. Safari ya tatu, walipokuwa mita 40 hivi kutoka nchi kavu, yule wa nyuma akasimama ili atupungie mkono. Chombo hakikuyumba mara mbili. Kililala upande, kikapinduka.

Aliyesimama aliogelea. Aliyeketi mbele hakujua kuogelea, nami sikuwa nimemwuliza. Isitoshe, miguu yake ilikuwa imefungwa katika kanda za pedali, ambazo tulizifunga ili asipoteze nguvu wakati wa kuvuta mguu juu. Alikuwa akining'inia chini ya chombo. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwamo ndani ya gari, kwa sababu jaribio lilikuwa fupi. Vijana wawili wa ngalawa iliyokuwa ikirudi na samaki waliruka majini, mmoja akazikata kanda kwa kisu cha kuparia samaki. Mwanafunzi wetu alitapika maji mengi pale mchangani, na kwa rehema ya Mungu jioni alikuwa amekwisha kupata nafuu.

Mwenye ngalawa, mzee wa makamo ya sabini, alikizunguka chombo chetu kilicholala kifudifudi.

"Mwalimu," aliniambia, "umbo lake zuri. Lakini ndubi ziko wapi?"

"Mzee wangu, tulipiga hesabu. Tuliona hazihitajiki."

"Na mtu akitaka kusimama atupe wavu, je?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliifungua upya daftari yangu.

Chombo kinapolala upande, sehemu iliyozama huongezeka upande ule, na kitovu cha kani ya maji ya kuinua husogea huko. Mstari wa wima upitao katika kitovu hicho kipya huukata mstari wa katikati ya chombo mahali paitwapo metasenta. Ikiwa metasenta iko juu ya kitovu cha uzito, uzito na kani ya maji hushirikiana kukirudisha chombo. Ikiwa iko chini, hushirikiana kukipindua. Kutoka kitovu cha kani ya kuinua hadi metasenta ni umbali unaopatikana kwa kugawa momenti ya pili ya eneo la chombo kwenye usawa wa maji kwa ujazo wa maji yaliyosukumwa. Kwa eneo la mstatili, momenti hiyo ni urefu mara kipeo cha tatu cha upana, kugawanywa kwa 12. Kwa chombo kilichochongoka ncha zote mbili ni pungufu, kama sehemu sita katika kumi.

Katika chombo chetu metasenta ilikuwa sentimita 60 juu ya mkuku. Watu wawili wakiwa wameketi, kitovu cha uzito wa jumla kilikuwa sentimita 46. Tulikuwa na akiba ya sentimita 14, tukaridhika. Mtu wa kilo 70 akisimama, kitovu cha uzito wake hupanda nusu mita hivi, na kile cha chombo kizima chenye kilo 200 hupanda sentimita 17.5. Arobaini na sita na kumi na saba na nusu ni sitini na tatu na nusu. Kitovu cha uzito kilikuwa kimepita juu ya metasenta. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu. Tulikuwa tumeifanya kwa mtu anayekanyaga, kana kwamba mtu aliyekwenda pwani kujiburudisha atakaa kitini kama gunia mpaka arudishwe.

Dawa iko katika kile kipeo cha tatu. Tungeweza kukipanua chombo hadi zaidi ya mita 1.2, utulivu ukapanda karibu mara tano. Lakini eneo linalolowa lingeongezeka sana na mawimbi yangekuwa makubwa, tukarudi kwenye beseni la Glasgow. Ngalawa hulitatua tatizo hili kwa namna nyingine. Gogo lake ni jembamba sana, na kwa peke yake lingepinduka mara moja. Lakini miti miwili iitwayo matengo huvuka juu yake na kushika ndubi kila upande, mbali na gogo. Eneo dogo likiwekwa mbali na mstari wa katikati, momenti yake huhesabiwa kwa eneo hilo mara mraba wa umbali wake. Umbali ndio ufanyao kazi. Ubao wenyewe waweza kuwa mwembamba.

Tulichukua mabomba mawili ya plastiki ya maji machafu, ya kipenyo cha milimita 160 na urefu wa mita 2, tukayaziba ncha zote. Kila moja lina ujazo wa lita 40. Tuliyafunga kwa miti miwili, kila bomba likiwa sentimita 90 kutoka katikati na likizama sentimita 3 tu. Eneo la kila bomba kwenye usawa wa maji ni robo moja ya mita ya mraba hivi. Zidisha kwa mraba wa 0.9, jumlisha mabomba yote mawili, gawanya kwa ujazo wa maji yaliyosukumwa, ambao ni meta za ujazo 0.2: metasenta imepanda kwa mita 2. Eneo linalolowa limeongezeka kwa sehemu moja katika tano, na kwa nguvu ileile mwendo hushuka kutoka mita 2 hadi kama mita 1.9 kwa sekunde. Hiyo ndiyo bei yote. Mzee yule hakuhitaji kalamu kuijua, ingawa sidhani kama yeyote amewahi kumwomba atoe mhadhara.

Majaribio kwa shule

Mwalimu asiye na bahari karibu aweza kufanya mambo mawili kwa birika la kunyweshea ng'ombe. La kwanza alilianzisha mhandisi Mwingereza William Froude (1810–1879), aliyejenga birika la kuvutia vielelezo huko Torquay katika miaka ya 1870. Chonga kielelezo cha sentimita 50, kikiwa sehemu moja ya kumi ya chombo cha mita 5. Ili mawimbi yake yafanane na ya chombo kikubwa, mwendo wake ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha 10. Mita 2 kwa sekunde huwa sentimita 63. Kifunge uzi upitao juu ya kapi na uning'inize uzani wa gramu chache. Badili uzani, pima mwendo katikati ya birika, chora grafu. Halafu chonga kielelezo cha pili chenye uzito uleule lakini kifupi na kipana, ulinganishe. Wanafunzi waelezwe kwamba msuguano haufuati kanuni hii ya kipeuo. Froude mwenyewe alilazimika kuuhesabu kando.

La pili ndilo ambalo ningelifanya kabla ya kumpandisha mtu yeyote. Chombo kikiwa majini na mizigo yake, ning'iniza timazi ya mita moja ndani yake. Hamisha uzito unaoujua kwa umbali unaoujua kutoka upande mmoja hadi mwingine, na upime timazi imesogea kiasi gani. Kwa mfano, chombo cha kilo 200, uzito wa kilo 10 uliohamishwa nusu mita, na timazi iliyosogea sentimita 5. Kilo 10 mara 0.5 ni 5. Kilo 200 mara 0.05 ni 10. 5 kwa 10 ni nusu. Metasenta iko nusu mita juu ya kitovu cha uzito. Kisha toa katika nusu mita hiyo kimo ambacho kitovu cha uzito kitapanda watu wote wakisimama kwa pamoja, maana siku moja watasimama. Kinachobaki kikiwa kidogo, usikishushe.

Chombo chetu cha pili hakina kanda za pedali. Chini ya sakafu yake, mbele na nyuma, kuna madumu matupu ya lita 20 yaliyozibwa, ili hata kikijaa maji kiendelee kuelea na watu wapate pa kushika. Wanafunzi watatu wamesimama upande mmoja kwa makusudi, majaketi yamevaliwa, na bomba la upande ule limezama bila kumezwa. Yule aliyening'inia chini ya maji alikuwa wa kwanza kuomba kupanda. Kwa sasa anajifunza kuogelea, kwa sharti langu. Mnyororo uliopindwa bado unatusumbua. Maji ya chumvi huula kwa majuma machache tu, na huruka meno kila mtu akikanyaga kwa hasira, kwa hiyo tumeanza kuzitafuta zile gia za keekee katika vibanda vya vyuma chakavu.